Tunataka Kwenda Kutazama, Kisha Turudi

Hapa kambini tunazijua safari mbili tu za Ulaya. Ya kwanza ni ile ya nchi ya tatu. Unaitwa, unahojiwa, unapimwa, unaitwa tena, halafu siku moja unapanda basi na ule mfuko wa karatasi zako mkononi. Watu wanalia, na hatukuoni tena isipokuwa kwenye WhatsApp. Ya pili ni ya mkutano. Shirika linachagua kijana mmoja anayejua kuongea, linampeleka jukwaani, anasimulia alivyokimbia, wanampigia makofi, wanampiga picha, anarudi.

Mimi naandika kutetea safari ya tatu, ambayo hakuna anayeitaja. Ni safari ya mgeni wa kawaida. Mtu anakwenda kuuona mji wa watu, anatembea kwa miguu mpaka anachoka, anakula chakula chao, anauliza maswali, anamnunulia mama yake zawadi, anarudi. Basi. Hakuna kuomba kubaki, hakuna kusimulia vita. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Kundi la vijana ninalolisimamia limekuwa likipanga safari ya siku sita kwenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Tunapanga kwenye daftari, kwa simu moja na kifurushi cha data cha kuchangiana. Tumeandika tutatua wapi, tutaona nini siku gani, karatasi gani zinatakiwa, na kila kitu bei gani. Hatuna tiketi wala hatujamwambia mtoto wa mtu kwamba anaondoka. Hata hivyo tumeshapigwa vita pande mbili. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniambia, “Kaka, unawapa vijana matarajio hewa, wafundishe kutengeneza sabuni.” Na mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniita pembeni akasema, “Mwanangu, ukishamwonyesha mtoto njia ya Ulaya, umeshampoteza.” Nawajibu wote wawili hapa, kwa heshima, lakini sitapunguza.

Kwanza, kwa nini Brussels? Kwa sababu wengi wetu humu tumetoka Fizi, Uvira na Mwenga, na mambo mengi yaliyotufikisha hapa Kigoma yalianza kwa karatasi zilizosainiwa katika mji ule. Mtu wa Paris au wa Roma anaweza kuuona Brussels kama mji wa chokoleti na wa kile kisanamu cha mtoto anayekojoa. Sisi tuna hesabu nyingine nao.

Siku yetu ya kwanza ni Grand-Place, uwanja wa katikati ya mji. Ukitoka uwanja wa ndege wa Zaventem unapanda treni, dakika ishirini hivi uko katikati. Huo uwanja vijana waliupenda kwa sababu moja. Mwaka 1695 jeshi la Ufaransa liliupiga mji kwa mizinga, maelfu ya nyumba yakateketea. Ulibaki mnara wa jumba la mji, wenye urefu wa mita 96, ambao upo mpaka leo. Lakini vyama vya mafundi na wafanyabiashara, waokaji, waendesha mashua, washonaji, wakazijenga upya nyumba zao, na kwa miaka mitano hivi uwanja ulikuwa umesimama tena, mzuri kuliko mwanzo. Kijana mmoja akasema, “Kuchomewa kijiji tunakujua. Kukijenga tena kwa miaka mitano ndiyo sikujua kama kunawezekana.” Sasa mniambie, somo kama hilo lina uhewa gani?

Na uwanja huo umewahi kuwaweka wakimbizi. Victor Hugo, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, alikimbilia Brussels baada ya mapinduzi ya Desemba 1851, na mwaka uliofuata alikaa katika nyumba iliyo uwanjani hapo hapo. Karl Marx alikaa mji ule kuanzia 1845 baada ya kufukuzwa Ufaransa, akikutana na wenzake katika nyumba ya uwanjani inayoitwa Le Cygne, mpaka Machi 1848 alipofukuzwa na Ubelgiji pia. Hugo naye, mwaka 1871, alitangaza kwamba nyumba yake ya Brussels iko wazi kwa wakimbizi wa Komuni ya Paris. Watu wakaja usiku wakaipiga mawe, na serikali ikamfukuza yeye aliyetaka kuwapokea. Kumbe habari ya kuwachoka wakimbizi haikuanzia kwetu.

Tena kuna jambo ambalo Wabelgiji wengi wa leo huenda hawalikumbuki. Mwaka 1914, Wajerumani walipoingia Ubelgiji, zaidi ya Wabelgiji milioni moja walivuka mpaka kwenda Uholanzi, na wapatao 250,000 wakaenda Uingereza. Uholanzi iliwajengea makambi. Watu wa Brussels, Antwerp na Liège walipanga foleni ya chakula kama sisi siku ya mgao. Na walio wengi walirudi kwao. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana tukifika kwenye viza nitalihitaji.

Siku ya pili ni Matonge, mtaa ulio Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Mlangoni pake, karibu na Porte de Namur, kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa 30 Juni 2018. Si mbali na hapo, Place du Trône, yuko Leopold II juu ya farasi. Mwaka 2020 watu walimmwagia rangi nyekundu. Kutoka kwa Lumumba mpaka kwa Leopold ni mwendo wa miguu, na vijana wanataka kuutembea huku wakibishana. Wengine wanasema sanamu ing'olewe, wengine wanasema ibaki ila iandikwe alichofanya. Wabishane. Ila mimi nataka wabishane wakiwa wamesimama mbele yake.

Mwezi Januari 1960, Wakongo walikaa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Lumumba alitolewa gerezani ili aweze kuhudhuria. Wakapata tarehe: 30 Juni 1960. Wanamuziki wa African Jazz nao walikwenda na wajumbe, na huko huko Brussels ndiko Grand Kallé alikotunga “Indépendance Cha Cha,” ambayo babu zetu waliicheza mpaka asubuhi. Watu wale walikwenda, wakafanya kilichowapeleka, wakarudi nyumbani na tarehe na wimbo.

Siku ya tatu ndiyo nzito. Unapanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, inapita msituni mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Kumbuka tu kwamba Jumatatu linafungwa. Ndani mna vitu vya kikabila vipatavyo 120,000, vingi vikitoka Kongo, pamoja na kazi za mikono za Walega, ambao wajukuu zao wako humu kambini. Kijana wa Mwenga hajawahi kuona kwa macho yake sanamu ya pembe ya ndovu iliyochongwa na watu wa ukoo wake, lakini mtoto wa shule wa Brussels anapelekwa kuitazama kwa basi la shule.

Nje ya jumba hilo kuna habari kubwa zaidi. Mwaka 1897 Leopold aliandaa maonyesho hapo Tervuren. Waliletwa Wakongo 267, na wengine wao wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza bustanini, wazungu wakija kuwaangalia kutoka upande wa pili wa uzio. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Mwaka 1958, kwenye maonyesho mengine makubwa yaliyoacha ule mnara wa Atomium, Wakongo waliwekwa tena kwenye kijiji cha kuigiza. Ilikuwa miaka miwili tu kabla ya uhuru.

Hapa ndipo ninapotaka mfanyakazi wa shirika asome polepole. Safari ya kwanza ya watu wetu wengi kwenda Brussels ilikuwa ya kutazamwa. Na leo safari mnayotupatia, ile ya mkutano, bado ni ya kutazamwa. Sisemi mkutano ni sawa na uzio wa 1897, hapana, nisieleweke vibaya. Kijana wa leo anakwenda kwa hiari na analindwa. Lakini anachotakiwa kupeleka ni yeye mwenyewe na machungu yake. Anatoka uwanja wa ndege kwenda hoteli, hoteli kwenda ukumbi, ukumbi kwenda uwanja wa ndege. Ukimuuliza mji ulikuwaje, anakuonyesha picha ya chumba cha hoteli. Amekwenda Ulaya, ametazamwa, hakutazama kitu.

Sisi tunataka kutazama. Tunataka kusimama kwenye makaburi ya wale saba tuseme majina yao kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani. Tunataka kulitazama tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika 1905 kwa fedha zilizotoka Kongo, tulihesabu kwa macho yetu wenyewe kama mtu anayekagua nyumba iliyojengwa kwa mfuko wake.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana safari inakufia hapo.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, uliosainiwa Geneva, kifungu cha 28, unasema nchi zitawapa wakimbizi wanaoishi humo kihalali hati ya kusafiria nje, isipokuwa kuwe na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Kiambatisho chake kinasema ada isizidi kiwango cha chini kabisa cha pasipoti ya raia. Kinasema hati iwe ya mwaka mmoja au miwili. Na aya ya 13 inasema nchi iliyoitoa lazima impokee mwenye hati akirudi, wakati wowote hati ikiwa hai. Wenzetu wa Uganda wanayo hata kwenye sheria yao ya wakimbizi ya 2006. Waliouandika mkataba walikuwa wameona vita kuu mbili. Walijua mkimbizi ni mtu mwenye sababu za kusafiri kama mtu mwingine, kusoma, kuona ndugu, kufanya biashara, kutembea, na walijua atataka kurudi. Wangetaka tukae tu wasingeandika habari ya kurudi.

Hati ukiipata, viza ya Schengen ina masharti yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Kila mmoja apige hesabu ni miezi mingapi ya insentivu. Bima ya safari ya angalau euro 30,000. Hati iwe hai miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya, iwe na kurasa mbili tupu. Maombi yapelekwe si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Uonyeshe fedha, au mwenyeji wako wa Ubelgiji ajaze fomu ya kukubali kukugharamia. Sasa angalieni mtego. Hati yako ni ya mwaka mmoja, tuseme. Kuifuatilia na kuichukua kumekula muda, ubalozi nao unataka ibaki na miezi mitatu ya ziada. Ukizubaa kidogo hati imeisha kabla hujaona ndege. Na hapa Tanzania, hata kabla ya yote hayo, sheria ya wakimbizi ya 1998 inataka upate kibali cha kutoka kambini, hata kama ni kwenda Kasulu tu, sembuse ubalozini Dar es Salaam.

Lakini kizuizi kikubwa si fedha. Kwenye fomu ya kukataliwa viza kuna sababu iliyochapishwa tayari, ya kuweka alama tu: kwamba kuna shaka kama utaondoka kabla viza haijaisha. Ili uiondoe shaka hiyo unatakiwa kuonyesha kazi, nyumba, shamba, akaunti ya benki. Yaani tunatakiwa kuthibitisha tutarudi mahali ambapo kila siku tunakumbushwa si petu. Ardhi haturuhusiwi kumiliki, ajira yetu inaitwa kujitolea, nyumba ni turubai na matofali ya udongo ambayo yakibomolewa hatulipwi. Halafu mtu anatuuliza, “Una nini cha kukurudisha?” Muulizeni aliyetunyima hivyo vitu, msituulize sisi.

Mzee wangu, najua hofu yako. Kuna vijana waliokwenda wasirudi, siwezi kukana. Lakini wapo pia watalii wa nchi nyingine wanaozidisha siku zao Ulaya, na hakuna anayesema taifa lao lote lifungiwe ndani. Wale Wabelgiji wa 1914 nao wangeulizwa kila mmoja kama atarudi, wangejibu nini wakati nyumba zao zinaungua? Walirudi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurudia. Mimi nina mama hapa, nina vijana hapa. Hicho ni kitu, hata kama hakina hati miliki. Na nikuulize kwa heshima, baba: kijana anayepotea kwa urahisi ni yupi? Ni yule anayejua bei ya viza, jina la fomu na siku ya kurudi, au ni yule aliyedanganywa na dalali kwamba kuna gari linatoka usiku? Anayepanga safari kwa uwazi hahitaji kutoroka.

Na wewe mwenzangu wa shirika, neno “matarajio hewa” umelitupa mahali pasipo pake. Hewa ni ile ya kukaa miaka kumi unaangalia ubao wa matangazo kama jina lako limetoka. Mpango wenye bei, tarehe na orodha ya kinachokosekana unaweza kukaguliwa, na ukishindikana unajua umeshindikana wapi. Vijana wetu, kwa safari hii ya daftari, wamejifunza kubadilisha shilingi kwa euro, kusoma ramani, kusoma kifungu cha mkataba na kukielewa, kuandika barua kwa Kifaransa. Sabuni pia tunatengeneza, asante. Ila mtu hawezi kuishi maisha yake yote anatengeneza sabuni tu kwa sababu kuna mtu ameamua akili yake iishie kwenye uzio.

Ninachotaka ni hiki, na kinawezekana.

Kwa mashirika: habari za hati ya kusafiria zibandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili, zikisema inaombwa wapi, kwa nani, ada kiasi gani, inachukua muda gani. Siyo mtu azisikie kwa kubahatisha mlangoni kwa mlinzi. Mkitaka kijana wa mkutano, anzeni na hati yake mapema, msianze wiki tatu kabla halafu mkaishia kupeleka video yake. Na akifika huko, mpeni siku mbili za kwake, bila kamera, atembee. Mkiandika barua kwa ubalozi, andikeni kwamba mnamjua na mnamtarajia kazini tarehe fulani. Barua hiyo haiwagharimu hata senti.

Kwa wazazi na majirani: mtu akisema anataka kwenda kuona mji, msimuulize tu “utarudi kweli?” Muulizeni anakwenda kuona nini. Akijibu vizuri, mbarikini. Na madalali wanaouza karatasi za uongo msiwafiche, maana kila karatasi ya uongo inamfungia mlango mwenye ya kweli.

Kwa vijana wenzangu wa Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na kwingineko: chagueni mji. Si lazima uwe Brussels. Mtu wa Burundi anaweza kuchagua Berlin, maana kabla ya Mbelgiji alimjua Mjerumani. Pangeni kwa bei za kweli, siku kwa siku, na siku ya kurudi iandikwe kama zile nyingine.

Sisi bado hatujamaliza. Siku ya tano inabishaniwa. Wasichana wanataka Atomium, wavulana wanataka uwanja wa mpira, na mimi nataka turudi tena Tervuren kwa sababu siku moja haitoshi. Tunakutana Jumamosi saa tisa mchana. Anayeona tunapoteza muda aje atuambie usoni, ila aje na kalamu.